Mwenye Hati ya Mshahara na Asiyekuwa Nayo: Kufutwa kwa Bima ya Zamani katika Pwani ya Kilifi

Tarehe 19 Oktoba 2023, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mashujaa, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, na mojawapo ya hizo nne, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ilichukua ndani yake kifungu cha kuifuta Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali ya mwaka 1998, mfuko ambao Wakenya, msomi na asiyesoma, waliujua kwa herufi zake nne tu, NHIF. Mwaka haukutimia kabla ya mahakama kuibatilisha sheria hiyo mpya na mahakama iliyo juu yake kuizuia hukumu. Na ilipofika tarehe 1 Oktoba 2024 kadi za zamani zilikuwa zimekwisha kazi, na mgonjwa aliyelala na bima akaamka akiambiwa ajisajili upya.

Sheria ikifutwa, aghalabu watu huitazama ile mpya, huilinganisha na ya kale kifungu kwa kifungu, kisha hutoa hukumu yao ya nani amepata na nani amepoteza. Hesabu hiyo ni ya lazima, walakini haitoshi. Dai langu ni kwamba katika pwani hii itokayo Mtwapa, ikapita Takaungu, Kilifi na Watamu hata Malindi, Gongoni na Marereni, mpaka unaowatenga wenye kupata na wenye kupoteza haukupita baina ya tajiri na masikini kama wengi wadhanivyo, bali ulipita baina ya mwenye hati ya mshahara na asiyekuwa nayo. Na fauka ya hayo, kwamba kilichowaumiza wengi si kuondoka kwa NHIF yenyewe, bali ni kuondoka kwa jambo dogo lililokuwa limehifadhiwa ndani yake, ambalo wakubwa wa Nairobi hawakulitaja sana katika hotuba zao.

NHIF ilianzishwa mwaka 1966, na hapo mwanzo ilikuwa ni ya lazima kwa wale tu waliopata mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, mshahara ambao kwa wakati ule ulikuwa wa makarani wakubwa na maofisa, na ambao mgema wa Kaloleni, mvuvi wa Mayungu na mkulima wa mahindi wa Ganze hakuuona hata katika ndoto. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wapendao kujiunga kwa hiari, lakini mlango uliofunguliwa Nairobi haukuwa na njia ya kuufikia kutoka Bamba. Na hata viwango vilipopandishwa mwezi wa Aprili 2015, vikawa kutoka shilingi 150 mpaka 1,700 kwa wenye mishahara, na 500 kila mwezi kwa mtu asiye na mwajiri, hali ilibakia ile ile. Shilingi 500 kwa mwezi ni 6,000 kwa mwaka, na mtu aliyekosa miezi kadhaa alitozwa adhabu, nazo kanuni zilizoanza 2020 zikaongeza muda wa kungoja kabla ya mwanachama mpya kuanza kutibiwa. Kwa hiyo mwenye kulia leo kwamba fukara wa Kilifi ameporwa NHIF yake, na atuonyeshe kwanza ni lini alikuwa nayo.

Yale mageuzi yaliyomfikia fukara huyo hayakuwa ya bima hata kidogo. Serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini mwaka 1989, ikaghairi mwaka uliofuata, kisha ikairudisha, mtu wa mashambani aliijua siasa ya afya kwa njia ya mfuko wake wa shati. Mwaka 2004 ikaja amri ya kwamba zahanati isitoze zaidi ya shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20. Na tarehe 1 Juni 2013 ada hizo nazo zikaondolewa, na kuzaa katika hospitali za serikali kukawa bure. Hapo ndipo mama wa Vitengeni alipoanza kuhesabika katika daftari la taifa. Watafiti wa Kilifi, akiwamo Jane Chuma na wenzake walioandika mwaka 2006 juu ya mzigo wa malaria kwa kaya za mashambani katika majira ya mvua na ya kiangazi, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba gharama ya ugonjwa hapa haiwezi kupimwa bila ya kutazama kalenda. Na nukta hii nitairudia, maana sheria mpya iliisahau.

Kabla ya kuifikia, yafaa kukumbuka kwamba Kenya imewahi kuua mageuzi ya namna hii yakiwa tumboni. Mwaka 2004 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii kwa watu wote, Bunge likaupitisha, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Waajiri na makampuni ya bima za watu binafsi walipumua. Waliopoteza hawakujulikana kwa majina, kwa sababu mtu hawezi kulilia kitu ambacho hakupata kukishika. Na hii ndiyo tofauti kubwa baina ya kuzuia sheria isizaliwe na kuifuta ikiwa imekwisha kukua, kwani ya pili huacha mashahidi.

Natuingie sasa katika hesabu. Mfuko mpya, unaoitwa SHIF na kusimamiwa na mamlaka iitwayo SHA, hutoza asilimia 2.75 ya mshahara mzima, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, wala hauna kikomo juu. Mtumishi wa hoteli ya Watamu apataye shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa hukatwa 550. Apataye 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Mizani hugeuka mara tu mshahara upitapo 32,700 hivi: wa 50,000 ametoka 1,200 akafika 1,375, wa 100,000 ametoka 1,700 akafika 2,750, na mkubwa wa 500,000, ambaye chini ya sheria ya kale alilipa 1,700 sawasawa na mwalimu mkuu aliye chini yake sana, sasa hulipa 13,750. Mimi sioni dhuluma katika hilo. Naona kwamba kwa muda mrefu mtumishi wa jikoni alikuwa akitoa sehemu kubwa zaidi ya ujira wake kuliko meneja, na kwamba jambo hilo lilikuwa halali kwa sababu tu hakuna aliyelihesabu. Hivyo, mfanyakazi wa chini mwenye hati ya mshahara, awe ni mlinzi wa Kilifi mjini au kibarua wa kudumu katika mashamba ya mkonge ya Vipingo, yumo katika wenye kupata, ingawa wengi wao hawakuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Kelele zilizosikika magazetini zilikuwa za wale wa juu, nazo zanikumbusha kisa cha Marekani, ambako mwaka 1988 Bunge lilipanua bima ya wazee iitwayo Medicare na kuwataka wazee wenye mapato mazuri waongeze ushuru ili walipie mpango huo. Wazee hao wenye uwezo walikasirika. Mwezi wa Agosti 1989 walimzingira mbunge Dan Rostenkowski garini mwake mjini Chicago, naye akalazimika kushuka na kuondoka kwa miguu. Na kabla ya mwaka kwisha sheria ikafutwa. Waliopata ni waliopiga kelele. Waliopoteza ni wazee masikini waliokuwa wameahidiwa kinga ya gharama kubwa za hospitali na dawa, na wao hawakuzingira gari la mtu. Kenya haikuwa hivyo, kwani mwenye mshahara hukatwa kabla hajaushika, hana budi. Apiga kelele huku akilipa. Asiye na mshahara hapigi kelele wala halipi. Kwa sababu hiyo, ingawa walioandikishwa SHA katika nchi nzima walipita milioni 20 katika mwaka 2025, waliokuwa wakichangia hawakufika robo yao, na mzigo ukawakalia waajiriwa. Bima ambayo wachangiaji wake ni wachache, na wagonjwa wake ni wengi, hupata nakisi bila ya kuhitaji mwizi, na wezi nao wapo.

Asiye na mshahara wa kila mwezi katika pwani yetu ni nani? Ni mvuvi wa Ngomeni na wa Takaungu, ambaye katika kaskazi bahari humpa na katika kusi humnyima. Ni mchonga vinyago na mwendesha tuk-tuk wa Malindi, ambao riziki yao huja na wageni wa Kitaliano mnamo Desemba na huondoka nao hoteli zinapofunga milango kuelekea Mei. Ni kibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, ambaye mvua kubwa humwachisha kazi. Ni mama muuza viazi karai pale stendi. Ni mkulima wa Ganze, ambaye mvua isiponyesha misimu miwili mfululizo huchoma makaa. Hawa hawapokei kwa mwezi, hupokea kwa msimu. Sheria mpya iliwataka walipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, usiopungua shilingi 3,600, na wengi walilalamika kwamba walikadiriwa zaidi ya hapo. Kwa kiasi, fukara amepata nafuu, kwani 3,600 ni chini ya zile 6,000 za NHIF. Kwa namna ya kulipa, amepata taklifu.

Nami nasema jambo ambalo huenda wengine wakalipinga: kulipa kwa mwaka si kosa kwa mtu wa pwani, tena huenda ikamfaa kuliko kulipa kila mwezi, maadamu mwaka huo uanze wakati fedha ipo mkononi. Mvuvi akiulizwa mchango wake mwezi wa Januari, samaki wakiwa wengi na soko la hoteli likiwa wazi, atautoa. Akiulizwa mwezi wa Juni, kusi ikivuma na ngalawa zikiwa juu ya mchanga, hatautoa, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa hana. Lakini watu hawajiungi kwa majira ya bahari. Hujiunga siku wanapougua, na ugonjwa wa watoto hapa huja zaidi na mvua, yaani wakati ule ule wa uhaba. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, wa kumkopesha mtu mchango wake naye akaulipa kidogo kidogo, nao ni afadhali kuliko pasingekuwa na kitu. Ila katika mji kama Malindi, ambako maulamaa wana mjadala wa zamani juu ya bima na gharari, yaani kutokuwa na hakika, iliyomo ndani yake, kuongeza mkopo juu ya bima ni kuongeza swali juu ya swali, na mtu mcha Mungu atataka kulijua jibu kabla ya kubonyeza simu yake.

Ukadiriaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu hujibu maswali kwa simu, au huulizwa na mhudumu wa afya ya jamii aliyekuja nyumbani na simu mkononi: paa la nyumba ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu je, choo kipo, maji yatoka wapi, wapikia kuni au gesi, na kutokana na majibu hayo mtambo hutoa kiasi cha kulipa. Hapa kwetu paa la makuti lipo juu ya kibanda cha mjane wa Magarini, na lipo pia juu ya ukumbi wa hoteli ya kitalii ambako chakula cha usiku mmoja hupita mchango wa mwaka wa mjane yule. Mtambo hautakosea baina ya hawa wawili, kwa kuwa kuna maswali mengine. Utakosea kwa yule bibi wa Marafa aliyejengewa nyumba ya matofali na mabati na mwanawe aliyekuwa Ghuba, kisha mwana akarudi bila kazi: ukuta upo, paa lipo, fedha haipo, wala bati halikatwi kipande likapelekwa hospitali. Nyumba huonyesha aliyekuwa nacho jana, nao mchango hutakiwa leo.

Sasa nifike kwenye lile jambo dogo. Kuzaa bure kulikoanza 2013 kulihamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama, na masharti yake yalikuwa mepesi kupita sheria zote za afya nilizozitaja: mwanamke alikuwa na mimba, ni Mkenya, basi, hakuchangia shilingi, na alihudumiwa kliniki, kuzaa, na baada ya kuzaa, pamoja na mtoto wake. Chini ya mpango mpya, kuhudhuria kliniki katika zahanati kumebakia bure kwa njia ya Mfuko wa Huduma za Msingi, lakini kuzaa kwenyewe kumewekwa chini ya SHIF, yaani chini ya mchango. Fedha inayolipwa hospitali ni nzuri kuliko ile iliyolipwa mwanzo, shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na wenye hospitali wana haki ya kufurahi. Lakini haki imehama mikononi mwa mwanamke, ikakaa katika mchango wa kaya.

Anayesimama karibu na dirisha la malipo la hospitali ya serikali, yoyote ile, atayasikia haya kwa masikio yake. Mkwe mtu ameshika kitabu cha kliniki cha mke wa mwanawe, ambaye yumo ndani kwa uchungu, karani aitazama kompyuta, asema kwa upole, "Mama, mumesajiliwa, lakini haijalipiwa." Yule mama ajibu kwamba kijana aliyepita nyumbani aliwaambia wamekwisha kuingia SHA. Nao kweli wameingia; kuingia ni jambo moja na kulipiwa ni jingine, na tofauti hiyo haikuelezwa barazani. Sasa apigiwe mume, aliye kibarua Mombasa, atume fedha ya mwaka mzima kwa simu usiku ule, au jamaa wachangishane. Chini ya Linda Mama mume hakuhitajika kupigiwa simu. Na pale ambapo mume hana, au hataki, au hajulikani aliko, njia ya zamani ya kumwita mkunga wa kijijini ingali wazi, na katika Ganze, ambako usafiri wa usiku ni bodaboda, njia hiyo ni fupi. Waliobuni sheria mpya watasema mchango wa kaya humlinda mama na maradhi mengine pia, si kuzaa tu, na wasema kweli. Lakini wamemlinda aliyelipa.

Waliopoteza pamoja naye kwa ukimya ule ule ni wanafunzi wa sekondari za serikali, ambao bima yao ya EduAfya, iliyoanzishwa 2018, ilikatika mwisho wa 2023 kabla ya mpango mpya kusimama. Tanzania nayo ilipata somo la jinsi hiyo mwezi wa Machi 2023, mfuko wake wa bima uliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 za Kitanzania kwa mwaka, kwa sababu wazazi walikuwa wakiwasajili watoto waliokwisha kuugua. Hoja ya mfuko ilikuwa sahihi kihesabu, na mzazi wa mtoto mgonjwa akabakia nje ya mlango vile vile.

Hospitali je? Wagonjwa wa figo wa Kilifi na Malindi wamenufaika, kwani malipo ya kusafisha damu yamepanda kutoka 9,500 mpaka 10,650 kwa kila safari. Lakini NHIF ilikufa ikiwa na deni la hospitali la shilingi zipatazo bilioni 30, na mwezi wa Machi 2025 ndipo Rais alipoamuru waliokuwa wakidai milioni 10 au chini walipwe kikamilifu, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwa siku 90. Katika fikihi, deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Huku mirathi iligawanywa kwanza, jina, majengo na mamlaka yakapata mrithi, na wadai wakaambiwa wangoje. Hospitali kubwa huweza kungoja. Ile ndogo ya vitanda ishirini, inayolipa wauguzi na dawa kila mwisho wa mwezi, humwomba mgonjwa mwenye bima atoe fedha taslimu, naye mgonjwa hujiona amelipa mara mbili. Wapo matapeli ndani ya hospitali hizo pia, na kashfa ya matibabu ya goti ya mwaka 2023 ilionyesha jinsi wazee walivyoandikiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Walipofungiwa wachache wao, hakuna aliyewalilia.

Sheria moja kati ya zile nne za 2023, ile inayoiruhusu hospitali ya umma kubaki na fedha inazokusanya, haikubishaniwa mahakamani wala kuzungumzwa sana, nayo kwa Hospitali ya Kaunti ya Kilifi na ile ya Malindi ni faida ya kweli, kwa kuwa tangu ugatuzi wa 2013 fedha hizo zilikuwa zikienda katika hazina ya kaunti kabla ya kurudi, na kurudi kwake kulikuwa na mashaka. Pengine ndiyo faida iliyo bora kuliko zote katika kisa hiki, na haihusu bima.

Tarehe 12 Julai 2024, Mahakama Kuu, kwa majaji Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, ilizibatilisha sheria tatu kati ya zile nne kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa umma, ikaacha muda wa siku 120 wa kuzitengeneza. Mahakama ya Rufaa ikazuia hukumu hiyo mwezi wa Septemba, na SHA ikaanza. Wako waliotaka hukumu isimame ili NHIF irudi. Sikubaliani nao. Kurudi nyuma kungemrudishia meneja kikomo chake cha 1,700, kungemwongezea mtumishi wa jikoni makato, na kungemwacha mvuvi pale pale alipokuwa. Lililokuwa likitakiwa ni dogo kuliko hilo: uzazi utolewe katika mchango na kurudishwa katika kodi. Wakati huo huo mtambo wa kompyuta wa SHA, uliogharimu shilingi bilioni 104.8, ulipokaguliwa, Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alisema serikali si mwenye kuumiliki. Sheria ifutwe au isifutwe, mkandarasi hapotezi.

Mnamo Oktoba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia mchango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019, na Kilifi peke yake ilikuwa na 1,453,787. Orodha ya watakaolipiwa ndiyo itakayokuwa na uzito kuliko asilimia yoyote katika Ganze na Magarini, na haitoshi itayarishwe kwa simu na maswali ya paa. Ibandikwe ukutani pa zahanati, isomwe katika baraza la chifu mbele ya wenye kujuana, na bibi wa Marafa mwenye nyumba ya mabati apewe nafasi ya kusimama na kusema kwamba mwanawe amerudi.